Nani Atalinda Msitu? Maelezo kwa Vikundi vya Kujisaidia



Katika mikutano yetu hapa Athi River swali moja halikosi: "Sisi hatuna msitu, tutalinda nini?" Ni kweli, huku ni mbuga kavu, viwanda na nyumba za kupanga. Lakini mama anayenunua mkebe wa makaa jioni amenunua mti uliokatwa mahali fulani. Kwa tanuri la udongo, kilo 1 ya makaa yaweza kumaliza kilo 6 hadi 10 za kuni. Hebu pigeni hesabu ya gunia moja! Tena wengi wetu tuna mashamba nyumbani, upande wa vilima vya Iveti na Mua, na huko ndiko shoka linakolia.

Serikali imejaribu kupiga marufuku. Februari 2018 ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Bei ya makaa ikapanda, na watu bado walipika. Sikatai amri, lakini askari wa msitu hawezi kulala katika kila bonde.

Wazee wa Ukambani walishayaona haya. Mwaka 1938 wakoloni walisema ng'ombe wamezidi na udongo unakwisha, wakaanza kuchukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinaanza hapa hapa Athi River, nacho kilitaka ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi, wakapiga kambi majuma kadhaa. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini kule kunyang'anya kukakoma. Sasa angalieni: udongo ulikuwa unakwisha kweli, hapo hawakudanganya. Kilichowashinda ni kufanya kazi bila wenye mifugo. Baadaye, miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilipochagua viongozi wao wenyewe, matuta yalichimbwa mlima hadi mlima. Watafiti walioandika kitabu mwaka 1994 walikuta watu wa Machakos wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, lakini mmomonyoko umepungua na miti mashambani imeongezeka.

Basi sheria ya leo inasemaje? Tangu Sheria ya Misitu ya 2005, na sasa ile ya 2016, jirani wa msitu wa umma ana njia ya kuingia kwenye usimamizi. Wakaaji huandikisha chama cha jamii cha msitu, halafu chama huomba ruhusa kwa Shirika la Misitu, yaani KFS. Wakikubaliana, hutiwa sahihi mkataba unaofuata mpango wa msitu ule. Mkataba waweza kuwapa kuni, nyasi na malisho, asali, dawa za miti, hata kulima katikati ya miche. Nanyi mnabeba kazi ya kulinda na kupeleka habari mkiona uharibifu. Ardhi haiwi yenu, na mkivunja masharti mkataba waweza kufutwa.

Hapo kwenye mkataba ndipo wengi hujikwaa. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilitundika cheti cha kuandikishwa ukutani, wakadhani ndiyo ruhusa. Akina mama watatu walishikwa na mizigo ya kuni. Cheti kinasema ninyi ni chama tu. Ruhusa iko katika mkataba.

Kabla ya kwenda ofisi ya misitu, kaeni mkubaliane wenyewe: kuni ni siku gani, ni kavu tu au vipi, nani anashika kitabu cha stakabadhi, na mtoto wa mwenyekiti akishikwa na panga analipa faini ile ile? Vijana wanaochoma makaa waiteni mkutanoni. Najua wazee wengine hawapendi, ati hao ndio wezi. Lakini wao ndio wanaojua njia zote za msitu, na mkiwaacha nje watazitumia usiku.

Na sisi wa mjini, jiko la bati lenye udongo ndani linakula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Kikundi chaweza kununuliana kwa zamu, kama mnavyonunuliana sufuria. Na wenye shamba nyumbani, pandeni mukau mpakani mvua za Novemba zikianza. Unavumilia ukame, na mbao zake ni nzuri.