Je, Wajua? Kaboni Kuukuu Barabarani Mlima Kenya

Je, wajua kwamba kaboni haishiki kutu? Vinavyochoka ni vinavyoishikilia: gundi, vanishi na alumini. Kwa hiyo fremu ya mwaka 1990 ikitua Nyeri pamoja na baiskeli nyingine za mitumba kutoka Uingereza (ex-UK), usiulize umri wake. Kagua viungo.

Je, wajua Greg LeMond wa Marekani aliposhinda Tour de France ya 1986 alikuwa juu ya baiskeli ya Look ya kaboni? Hakuna aliyewahi kushinda mbio hizo kwa fremu ya aina hiyo kabla yake.

Nyingi za enzi hiyo hazikutengenezwa kwa kalibu moja. Zilikuwa mabomba ya kaboni yaliyobandikwa kwa gundi kwenye viungo vya alumini, na gundi ikiachia, fremu hulia kila ukikanyaga pedeli. Fundi mjuzi huigonga kwa sarafu, sentimita kwa sentimita, akitega sikio. Mlio mkali na wa wazi ni dalili njema. Ukififia mahali pamoja tu, huenda tabaka za ndani zimeachana, na fremu ya namna hiyo ni pambo la ukutani hata kama rangi yake inakupa wazimu.

Je, wajua kaboni hupitisha umeme? Ikigusana na alumini penye jasho au maji ya mvua, alumini huliwa polepole, na bomba la kiti hunasa ndani ya fremu. Nyundo hapo ni marufuku. Dawa ni kuwahi: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, chomoa kiti mara kwa mara, pindua baiskeli maji yatoke, kausha.

Jua nalo? Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Miale hiyo huchosha gundi inayofumbata nyuzi, kwa hiyo vanishi si urembo. Ukipiga msasa, tumia maji, vaa barakoa, na ukome kabla ya kugusa nyuzi.

Je, wajua fremu za gia sita au saba nyuma zina nafasi ya milimita 126, ilhali magurudumu ya gia nane hadi kumi yanataka 130? Fremu ya chuma fundi huipanua kwa nguvu za mikono, wala baiskeli ya Black Mamba hailalamiki. Kaboni hupasuka.

Ukipanda kutoka Sagana hadi Karatina kwa meno 42 mbele na 23 nyuma, kila mzunguko wa pedeli hukusogeza karibu mita 3.8. Gia za kisasa za 34 kwa 32 hukusogeza mita 2.2 hivi. Magoti yatakueleza tofauti.

Hewa ya Nanyuki ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Inakupisha kwenye tambarare, inakunyima pumzi mlimani. Mwendesha baiskeli Mbelgiji Eddy Merckx aliifuata hewa ya namna hiyo Mexico City mwaka 1972, akapiga kilomita 49.431 kwa saa moja.

Je, wajua Baden-Powell, mwasisi wa skauti aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, ana undugu na baiskeli? Mji wa Mafeking, Afrika Kusini, aliokuwa akiulinda ulipozingirwa, vijana tarishi walipeleka ujumbe kwa baiskeli, na stempu ya mji huo ya mwaka 1900 ilimwonyesha mmoja wao akiwa juu ya yake.

La mwisho, kwa wenye spana mkononi. Kikombe cha ekseli ya pedeli upande wa cheni, kikiwa cha Kiingereza, hufunguliwa kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa saa. Cha Kiitalia, kinyume chake. Pima kwanza upana wa bomba lake: milimita 68 kwa kawaida ni Mwingereza, 70 ni Mwitalia.