Kompyuta ya ofisi imezeeka: ubadili prosesa au ununue nyingine?

REMERA, Kigali – Lori limefika Rusumo, dereva anapiga simu akitaka nakala ya ankara, na ofisini kwako karibu na Gisimenti kompyuta inazungusha kiduara tu. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hiyo ni hasara. Risiti ya EBM inachelewa, wakala wa forodha anasubiri hati, na lori likilala mpakani gharama ni zako.

Huenda fundi akakushauri ubadili prosesa. Kabla ya kutoa pesa, jiulize maswali matatu.

Kwanza, je, prosesa ndiyo inayokwamisha? Fungua kazi zako za kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itakuonyesha kila kifaa kinatumika kwa asilimia ngapi. Diski ikifika 100 huku prosesa ikiwa chini, tatizo ni diski. Ondoa ile ya kuzunguka, weka SSD. RAM ikijaa, ongeza kutoka GB 4 hadi GB 8. Fungua pia kasha utoe vumbi, kwa kuwa prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe. Hakuna anayebadili injini ya Fuso kwa sababu tairi hazina upepo.

Pili, je, bodi itaikubali prosesa mpya? Kwa Intel Core za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari hutaja kizazi: i5-4570 ni ya kizazi cha nne. Dell OptiPlex 9020 yenye i3 ya kizazi hicho inaweza kuwekewa i7-4770 kwenye bodi ileile. Lakini usidanganywe na umbo. Prosesa za kizazi cha sita, cha saba na cha nane zote hukaa kwenye soketi ya LGA1151, ila ya nane haifanyi kazi kwenye bodi iliyotengenezwa kwa ajili ya sita na saba. Ukiinunua Kampala au Nairobi bila kulijua hilo, utakuwa umebeba mzigo usio na kazi.

Tatu, je, itakufikisha wapi? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na, kwa Intel Core, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa hiyo ile i7-4770, hata ikiwa na kasi, haitimizi masharti. Kompyuta yenye hesabu za kodi na nywila za benki, isiyopata tena marekebisho ya usalama, ni sawa na duka lisilo na kufuli.

Basi uamuzi ni huu. Kama mashine yako ni ya kizazi cha nane na prosesa hufika 100 kila siku, badilisha: kutoka i3-8100 yenye viini vinne hadi i5-8500 yenye viini sita utaona tofauti. Kama ni ya kizazi cha nne hadi cha saba, pesa ya prosesa iweke akiba ya kompyuta nyingine. Kwa sasa nunua SSD tu, maana hiyo utaweza kuihamishia kwenye mashine mpya.

Siku ya kununua iliyotumika, soma namba vizuri. OptiPlex 7050 ni ya kizazi cha saba, 7060 ni ya nane, na kwa macho zinakaribiana sana. Omba iwashwe mbele yako uone jina la prosesa kwenye skrini. Na kabla fundi hajagusa ile ya zamani, nakili hesabu na ankara zako zote kwenye diski ya pembeni, uondoke nayo.