Fahamu Namna Picha ya Mchana Inavyosomeka Kuwa ya Usiku

Picha ya merikebu ya milingoti miwili iliyopigwa na Mfaransa Gustave Le Gray ilipooneshwa jijini London mwaka 1856, watazamaji wengi waliamini kuwa imepigwa kwa mbalamwezi. Bahari ilikuwa nyeusi, na juu yake ulitanda mng'aro mweupe kama fedha. Ukweli ni kwamba ilipigwa mchana, jua likiwa nyuma ya mawingu.

Nuru ya mwezi mpevu ni hafifu takriban mara 400,000 kuliko ya jua. Kwa mabamba ya kioo ya wakati huo, yaliyopakwa kemikali ya kolodioni, kunasa chombo kinachoyumba usiku kusingewezekana. Le Gray alielekeza kamera upande wa jua na kufungua lenzi kwa muda mfupi mno. Mawingu na mmetemeto wa maji vikanaswa, vingine vyote vikazama gizani.

Mmarekani Ansel Adams alifuata njia nyingine. Aprili 10, 1927, katika bonde la Yosemite, California, alipiga picha ya mwamba wa Half Dome kwa kichujio cha njano, lakini hakuridhika. Akiwa na bamba moja tu lililosalia, aliweka kichujio chekundu kilichokolea. Rangi nyekundu huzuia mwanga wa buluu, nao ndio uliojaa angani. Hivyo anga likatoka karibu jeusi juu ya mwamba unaong'aa. Le Gray asingeweza kutumia mbinu hiyo, kwa kuwa mabamba yake hayakuhisi wekundu.

Wapigapicha za sinema nao hufanya hivyo hadi leo, wakipunguza mwanga na kuongeza ubuluu.

Katika sanaa, mbinu hiyo ni halali kabisa. Katika picha ya habari, kuita usiku kile kilichotokea mchana ni kumpotosha mwananchi, hata kama hakuna kitu kilichoongezwa ndani ya picha.

Je, mtazamaji atatambuaje? Kivuli hakisaidii sana, kwani jua na mwezi huonekana kwa upana unaokaribiana, hivyo kingo za vivuli vyake hufanana. Kwa picha za zamani, tazama maji. Usiku lenzi ilibaki wazi kwa muda mrefu, na mawimbi yakageuka ukungu laini; katika picha ya Le Gray, kila wimbi lina umbo lake.