Nyayo za Kiboko Kwenye Turubai

Anayetaka kuchora uwanja wa gofu wa Mbale, Uganda, asijisumbue kudamka. Mji umelala magharibi mwa mlima Wanale, na jua huchomoza nyuma ya ukuta ule wa mwamba, kwa hiyo asubuhi mlima ni kivuli kitupu: bonge la kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi. Avute subira hadi alasiri. Jua likishapita utosini, mwanga unaupiga mwamba usoni na mikunjo yake inajitokeza mmoja mmoja. Msimu wa mvua huonekana pia maporomoko ya maji, nyuzi nyeupe zinazoning'inia kutoka juu. Jina jingine la mlima huo ni Nkokonjeru, yaani kuku mweupe kwa Kiganda. Tabu ni kwamba alasiri hiyohiyo ndiyo mawingu ya Mlima Elgon hupenda kuteremka mjini. Mwenye rangi za maji afanye haraka, la sivyo mvua itamalizia picha kwa niaba yake.

Uwanja huo una mashimo 9, sawa na ule wa mji wa Jinja. Anayetaka kutimiza 18 huzunguka mara mbili. Na kwa wacheza gofu, shimo si kile kitundu chenye bendera peke yake. Ni safari nzima ya ardhi, tangu pale mpira wa kwanza unapopigwa, kupita kwenye miti, mchanga na maji, hadi kwenye grini, lile zulia la majani yaliyonyolewa. Ndiyo maana shimo huchorwa kama watu wanavyochorwa sura: kila moja lina jina, tabia na visa vyake.

Huko Marekani kazi hii ina wateja wa kudumu. Mwaka 1984 klabu ya Augusta National, jimboni Georgia, ilimwagiza mchoraji Linda Hartough achore shimo lake la 13. Tangu hapo amekuwa jina kubwa la fani hii. Michoro yake ya rangi za mafuta ina uangalifu wa kutisha: kila jani, kila kivuli cha msonobari kipo mahali pake. Kitu kimoja tu hakipo. Watu. Nyasi zimekatwa, mchanga umesawazishwa, bendera imesimama, na hakuna kiumbe anayepita.

Haikuwa hivyo zamani. Charles Lees wa Scotland alipochora mchezo wa St Andrews mwaka 1847, aliijaza turubai watu zaidi ya 50, wameinama na kukodoa macho kuufuata mpira mmoja. Ardhi yenyewe ilibaki nyuma yao kama pazia. Katika safari ya kutoka kwa Lees hadi kwa Hartough, ardhi imepanda cheo na watu wamefukuzwa.

Utupu huo uliwahi kumfaa mtu mmoja kuliko wote. Valentino Dixon, Mmarekani mweusi kutoka Buffalo, alifungwa kwa mauaji ya mwaka 1991 ambayo hakuyafanya. Akiwa katika gereza la Attica, mkuu wa gereza alimletea picha ya shimo la 12 la Augusta na kumwomba amchoree. Dixon hakuwa amecheza gofu maishani mwake. Alichora kwa penseli za rangi, akapenda, akaendelea, akiiga picha za magazetini na baadaye akibuni mashimo yake mwenyewe, hadi michoro ikapita 100. Jarida la Golf Digest liliandika habari zake mwaka 2012, kesi ikaanza kuchimbuliwa upya, na tarehe 19 Septemba 2018 akatoka huru baada ya miaka 27. Kwa mtu aliyezungukwa na kuta na makelele, shamba la kijani lisilo na mtu lilikuwa pumziko.

Lakini Mbale si Attica, na wala si Augusta. Hapa kuchora shimo tupu ni kusema uongo, ingawa ni uongo mzuri wa kuning'inizwa sebuleni. Kuna makedi, vijana wanaobeba mikoba ya fimbo na kuujua uwanja kuliko wanachama wanaolipa ada. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wa Uganda walianzia kwenye kazi hiyo. Kuna wafyekaji. Na Januari, kiangazi kikikaza, majani hugeuka rangi ya mkate, kitu ambacho kalenda za gofu hazikubali kukionyesha.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa kufuata. Katika Chuo cha Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji katika miaka ya 1930, wanafunzi walisimuliwa tukio kwa maneno, kisha wakalichora kwa jicho la moyoni. Mmoja wao, Sam Ntiro kutoka Uchaga, alichora miteremko ya Kilimanjaro maisha yake yote, na ni nadra mteremko wake kukosa mtu anayelima, anayebeba au anayekwenda arusini. Mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mkono kama ule ungepewa shimo la Mbale, bendera ingekuwa kitu kidogo pembeni, na katikati wangekuwa vijana wenye mikoba chini ya Wanale.

Jinja ina ugumu mwingine. Uwanja wake uko karibu na mahali Mto Nile unapoaga Ziwa Viktoria, mahali ambapo pameshabadilika sura mara moja. Maporomoko ya Ripon, ambayo John Hanning Speke aliyafikia Julai 1862, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Anayetaka kuyaona leo hana budi kurudi kwenye picha, ikiwemo iliyochapishwa katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863.

Kilichosalia ni viboko. Hutoka majini usiku kuja kula majani, na majani ya gofu ni laini kuliko ya porini. Ndipo klabu ya Jinja ikasifika kwa kanuni yake ya pekee: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuokota na kuuweka kando bila adhabu. Mchoraji hana kanuni ya kumwokoa. Unyayo uko pale kwenye grini, una kina, vidole vinne vimejichora wazi, na mvua ya jana imeacha humo maji kidogo yanayoakisi anga. Kuuziba kwa rangi ya kijani ni kazi ya dakika moja. Kuuchora sawasawa, pamoja na lile wingu lililomo ndani yake, kunaweza kumla asubuhi nzima.