Choa Kikiingia Nyumba Yenye Paka

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Unguja na Kilwa, paka ni jirani wa kila nyumba, awe ana mwenyewe au hana. Mchana hulala barazani, alasiri huwangojea wavuvi wamrushie matumbo ya samaki, na usiku hupenya dirishani akalala miguuni pa watoto. Lakini siku mwenye nyumba aonapo duara jekundu lenye kingo zilizoinuka shavuni mwa mwanawe, kisha akamtazama paka na kumwona ana kipara nyuma ya sikio, ujirani ule wa miaka mingi hukatika kwa saa moja: paka hutiwa guniani, akatupwa sokoni au jaani asikoweza kurudi, na watu wakarejea kwao wakiamini kuwa maradhi yamekwenda naye. Nawasihi wenye nyumba wasifanye hivyo, wala siwasihi kwa ajili ya huruma peke yake, ijapokuwa huruma yatosha kuwa hoja. Nawasihi kwa kuwa ugonjwa huu hauondoki kwa kuondoka paka, bali hubaki mkekani, katika mto wa kulalia, katika kamba za kitanda na katika vumbi lililo nyuma ya kabati, na wiki chache baadaye mtoto wa pili akatokewa na duara lake wakati paka hayupo tena wa kulaumiwa.

Choa, ambacho kikitoka kichwani huitwa punye, hakiletwi na mdudu wala na damu chafu kama wengi wasadikivyo. Huletwa na kuvu, yaani fangasi, ambayo chakula chake ni ile sehemu iliyokufa ya nywele, kucha na ngozi ya juu. Na katika aina nyingi za kuvu za namna hii, ile impatayo paka aghalabu ni moja, ambayo wataalamu huiita Microsporum canis. Kuvu hii huingia ndani ya unywele, ikaudhoofisha hata ukakatika karibu na ngozi, nayo huuzungushia mbegu zake ambazo kwa udogo hazionekani kwa macho. Unywele huo ukianguka, mbegu zile hazifi pamoja nao. Mahali pakavu huweza kudumu hai mwaka mzima na zaidi. Mwenye kulifahamu hili amekwisha fahamu sehemu kubwa ya tiba, kwa maana kila jambo tutakalolitaja hapa chini, liwe la dawa au la ufagio, lina shabaha moja, nayo ni ule unywele uliokatika na mbegu zilizoushika.

Dalili zake kwa paka zataka jicho lililotulia. Mpeleke mwangani, umpakate ukiwa umevaa glavu, kisha zitenge nywele kwa vidole nyuma ya masikio, juu ya pua, kidevuni na katika miguu ya mbele, kwani huko ndiko choa kipendako kuanzia: utaona mahali ambapo nywele zimekatika kana kwamba zimepitiwa na makasi butu, na chini yake ngozi ina magamba membamba ya rangi ya majivu, yapukutikayo yakiguswa. Yuko paka ajikunaye na yuko asiyejikuna kabisa; na wapo, hasa wale wa manyoya marefu kama wa Kiajemi, ambao huchukua mbegu mwilini wasioneshe alama yoyote, huku wakiwaambukiza wenzao na watu wanaowapakata. Watoto wa paka, pamoja na wale walio wakongwe au dhaifu, ndio washikwao upesi zaidi. Na kwa kuwa tangu kuambukizwa hata kuonekana alama hupita wiki moja hadi tatu, siku ya kukiona choa si siku kilipoingia nyumbani; kimekwisha kutembea vyumbani kabla yako.

Daktari wa wanyama, au bwana mifugo aliye karibu, anazo njia za kuthibitisha. Iko taa ya urujuanimno, iliyotokana na kioo alichokibuni mwanafizikia wa Marekani Robert Wood mwaka 1903, ambayo tangu 1925 imetumiwa na matabibu kumulikia nywele gizani, na zile zenye kuvu hii hung'aa rangi ya kijani kibichi. Walakini mafuta na dawa za kupaka nazo huweza kung'aa, na paka asiyeng'aa huenda akawa anao ugonjwa. Njia ya yakini zaidi ni kuyachana manyoya ya mwili mzima kwa mswaki mpya wa meno, kuanzia usoni hadi ncha ya mkia, kisha kuugandamiza mswaki ule juu ya rojo la kuoteshea kuvu lililomo katika kisahani, na kungoja wiki mbili au tatu kuona kitakachoota. Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na gharama ya kutibu kwa kubahatisha.

Paka mwenye siha njema huweza kupona mwenyewe baada ya miezi miwili au mitatu, na jambo hili limewadanganya wengi wakaketi kungoja. Lakini katika muda wote huo hupukutisha mbegu kila apitapo, na siku atakapopona yeye, nyumba nzima itakuwa imejaa. Ndiyo maana tiba ya insafu huenda pande mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kwanza ni dawa ya kunywa, ambayo siku hizi aghalabu ni itrakonazoli, nayo kwa kuwa hukaa katika ngozi na nywele hata baada ya kuachwa, madaktari wengi huitoa kwa wiki moja na kuipumzisha wiki ifuatayo; kipimo chake hukadiriwa kwa uzito wa mnyama na hakuna ruhusa ya kukikisia. Upande wa pili ni kumwogesha mara mbili kwa wiki, ama kwa shampuu yenye mikonazoli na kloroheksidini, ama kwa maji ya chokaa na salfa, ambayo hayasuuzwi bali huachwa yamkaukie mwilini. Maji haya yana harufu ya mayai viza, huacha madoa ya manjano katika nguo, na fedha huifanya nyeusi, basi anayeogesha na avue pete na bangili zake kwanza. Lakini huua mbegu vilivyo.

Hapa sina budi kuonya kwa sauti ya juu. Wapo watu, wala si wachache, wanaompaka mnyama mafuta ya taa au oili chafu ya gari wakitaraji kuwa ukali wake utaua choa, na wengine humwosha kwa dawa za kusafishia sakafu zenye fenoli. Paka hujiramba mwili wake kutwa, na ini lake halina uwezo wa kuivunja fenoli kama ini la viumbe wengine. Kilichopakwa manyoyani asubuhi, jioni kimo tumboni, na mnyama aliyekuwa na maradhi yasiyoua hufa kwa sumu ya mkono uliotaka kumponya.

Wakati wa tiba, paka mgonjwa hutengwa katika chumba kimoja chepesi kusafishika, kisicho na zulia wala makochi ya kitambaa. Asisahauliwe humo. Waislamu wa pwani wanaijua habari iliyopokewa katika hadithi, ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia pasipo kumlisha wala kumwacha akajitafutia. Lakini kumtenga kwa ajili ya tiba ni jambo jingine kabisa, mradi maji, chakula, mahali pa haja na muda wa kuchezewa visikatike. Kwa mtoto wa paka hasa, wiki za mwanzo za maisha ndizo ajifunzamo kumzoea binadamu, na akinyimwa mkono wa mtu katika muda huo hukua akiwa mwoga. Mtu mzima mmoja na aishike kazi hiyo, avae nguo maalumu za mikono mirefu, anawe kwa sabuni akitoka, na nguo zile azivue mlangoni. Paka wengine wa nyumba hiyo nao wapimwe, hata kama ngozi zao zaonekana safi.

Sasa tuingie katika nyumba yenyewe, ambako ndiko wengi hushindwa. Ufagio wa chelewa juu ya sakafu kavu ni kosa la kwanza, kwa kuwa hurusha hewani kile unachotaka kukitoa. Nyunyiza maji kwanza, au tumia kitambaa kilicholowa, ukiokota nywele zote hata zile zilizojishika katika pembe za kuta na chini ya miguu ya vitanda, na takataka hizo uzichome moto au uzifunge vyema kabla ya kuzitupa. Kisha osha kwa maji ya sabuni mpaka pasiwe na uchafu unaoonekana, usuuze, na baada ya hapo ndipo upitishe klorini ya kufulia, ile ambayo mitaani huitwa jiki, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji au zaidi, ukaiacha ilowanishe mahali pale kwa dakika kumi. Utaratibu huu haugeuzwi, kwa maana klorini ikikuta uchafu hupoteza nguvu zake kwa uchafu huo, na mbegu zikasalimika. Wala usiimimine katika chombo cha haja cha paka kabla ya kukisuuza, kwani klorini ikikutana na amonia iliyomo katika mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu. Mashuka, foronya na vitambaa hufuliwa mara mbili kwa maji mengi na sabuni, kisha huanikwa juani; kuvianika pekee pasipo kufua hakutoshi. Mkeka wa ukindu husuguliwa pande zote mbili, maana nywele hujificha katika msuko wake. Kitanda cha kamba hutolewa nje, kikasuguliwa kwa brashi na maji ya sabuni fundo kwa fundo. Na zulia au godoro lililokuwa malalo ya paka, kama limechakaa, afadhali lichomwe kuliko kulisumbukia. Kazi hii hufanywa mara mbili kwa wiki, na kati yake nywele ziokotwe kila siku, maadamu mnyama bado yumo katika tiba.

Kwa binadamu, choa cha mwilini ni chepesi kutibika, nacho hutokea pale paka anapokumbatiwa: mikononi, shingoni, kifuani na usoni. Marhamu ya klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku, ikapitishwa kidogo nje ya ukingo wa duara, kwa wiki mbili hadi nne, na huendelezwa baada ya alama kutoweka. Katika zahanati nyingi yapo pia mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na ya salisiliki ambao ni wa zamani na rahisi kwa bei, nao ungali ukifaa. Yanayodhuru ni yale mafuta yenye steroidi, ambayo watu hujinunulia dukani pasipo kuuliza, na ambayo huchanganywa katika mikorogo ya kung'arishia ngozi: hupoza mwasho na wekundu kwa siku mbili tatu, mgonjwa akafurahi, kumbe kuvu inatambaa katika ngozi iliyonyamazishwa, hata duara likapoteza umbo lake na daktari asilitambue tena.

Choa cha kichwani ni habari nyingine, kwa sababu kuvu imo ndani ya shina la unywele ambako marhamu haifiki. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita matabibu wa Ulaya waliwanyonyoa watoto nywele kwa miali ya eksirei, njia iliyoimarishwa Paris na Raymond Sabouraud, na miaka mingi baadaye ikadhihirika kuwa baadhi ya watoto waliopigwa miali ile walipatwa na uvimbe wa ubongo na wa tezi ya shingo. Kilichowaokoa waliofuata ni griseofulvini, dawa iliyopatikana mwaka 1939 kutoka katika kuvu nyingine na ikakaa karibu miaka ishirini pasipo kutumiwa kwa kazi hii, mpaka mwaka 1958 ilipothibitika kuwa ikinywewa huponya choa. Mtoto huinywa kwa wiki sita hadi nane au zaidi, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vyema, wala haipewi mwanamke mwenye mimba. Na ikitokea kichwani uvimbe laini wenye usaha, mzazi asiharakishe kuupasua akidhani ni jipu. Huenda ni choa chenyewe kilichochachamaa, na kisu hakitakifaa.

Jambo jingine linalostahili kusemwa kwa ajili ya haki ni kwamba katika nchi zetu punye ya watoto aghalabu haitoki kwa paka kabisa. Huletwa na aina nyingine za kuvu ambazo maskani yake ni kichwa cha binadamu, na hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa chanuo, kofia, mto na wembe wa kinyozi. Ile ya paka, ikisha kumwingia mtu, haina nguvu nyingi ya kuendelea kutoka mtu hadi mtu. Basi nyumba ambamo watoto watatu wana punye na paka hana hata unywele uliokatika, mzazi na aanze kuuliza shuleni, chuoni na kwa kinyozi.

Tiba ya paka haikomi siku manyoya yanapoota, kwani manyoya huota kabla kuvu haijaisha. Hukoma pale mswaki unaporudishwa kwa daktari na kisahani kisioteshe kitu. Na yeyote aletaye nyumbani paka mgeni, hata akiwa mtoto mzuri aliyeokotwa mlangoni pa msikiti, amweke mahali pake peke yake kwa wiki tatu, amkague kila siku chache nyuma ya masikio na katika miguu ya mbele, ndipo amwachilie akae na wenzake.