Kayaki jioni na chakula cha usiku mtoni: Kwa nini Mkondoa bado, na wapi inawezekana

Lazima umeshaiona kwenye simu. Watu kumi hivi wamekaa kwenye vimtumbwi vya plastiki, jaketi okozi vifuani, wanapiga kafi taratibu katikati ya maghorofa. Jua linazama, taa za jiji zinaanza kuwaka, kiongozi yuko mbele anawaonyesha hiki na kile. Mwisho wa video wako mezani kando ya mto, wanakula.

Video kama hiyo ikipita kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu Mamboya, swali halikosekani: jamani, Kilosa mto Mkondoa unapita mjini kabisa, SGR inasimama pale pale, tunangoja nini?

Si swali la kijinga. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma na Kilosa ni moja ya vituo. Hifadhi ya Mikumi iko jirani. Mgeni anaweza kufika. Kabla vijana hawajachanga hela kununua kayaki, ni vizuri kuelewa biashara hii inasimama juu ya nini hasa.

Safari yenyewe ikoje?

Kayaki ni mtumbwi mwembamba, mwepesi, unakaa chini miguu imenyooka mbele. Kafi ni moja ila lina bapa pande zote mbili, kwa hiyo unapiga kulia, kushoto, kulia, bila kubadilisha mkono. Kwenye maji yaliyotulia mtu ambaye hajawahi kugusa kafi anazoea ndani ya robo saa.

Safari ya jioni huanza kabla jua halijazama. Mnafundishwa kwanza nchi kavu: kushika kafi, kugeuka, na kufanya nini ukipinduka. Hili la mwisho wengi hulisikiliza nusu nusu, na ndilo lenye maana kuliko yote. Kiongozi mmoja anatangulia, mwingine anafunga msafara ili asiachwe mtu nyuma. Giza likiingia kila kayaki inawashwa taa, si kwa ajili ya kuona njia bali ili boti kubwa zikuone wewe.

Na kile chakula? Hakuna anayekula wali juu ya kayaki. Mnarudi nchi kavu, mnabadilisha nguo, mnakaa. Kwa hiyo ni biashara mbili zilizounganishwa: ya maji na ya jikoni. Ya jikoni ndiyo rahisi.

Chicago wamewezaje?

Video nyingi za aina hii ni za Chicago, Marekani. Kinachoonekana ni mto na maghorofa. Kisichoonekana ni kwamba mto ule umefungwa kamba kama mbuzi. Mwaka 1900 wahandisi waligeuza mkondo wake ili maji yaache kuingia Ziwa Michigan na yaende upande wa pili, na pale mto unapokutana na ziwa kuna malango ya kufunga na kufungua. Maji hayapandi wala kushuka kiholela. Siku nyingi kiongozi anajua asubuhi maji ya jioni yatakuwaje.

Halafu kuna suala la mwanga. Mwezi Juni jua la Chicago linazama kama saa mbili na nusu usiku, na baada ya hapo mwangaza hubaki kwa zaidi ya nusu saa. Sisi huku jua likizama saa kumi na mbili na nusu, dakika 20 tu, giza. Mtu akipinduka kwenye dakika hizo 20 unamtafuta kwa tochi.

Sasa tuje Mkondoa

Kilosa mjini kukiwa kiangazi, Mkondoa unaweza kuudharau. Maji machache, mchanga mwingi, sehemu nyingine watu wanavuka kwa miguu. Kayaki ingekwama. Mvua zikija mambo yanageuka, na hapa ndipo wageni wengi hawaelewi.

Maji ya Mkondoa hayatoki Kilosa peke yake. Mto huu unapokea maji ya Kinyasungwe, unaotoka pande za Dodoma na Mpwapwa, kisha unapita kwenye bonde jembamba kati ya milima, unafika Kilosa, unaingia mto Wami, na Wami unaishia Bahari ya Hindi. Maana yake, mvua inaweza kunyesha Mpwapwa huku Kilosa anga ni jeupe, nyota zinaonekana, na maji yakakufikia usiku. Wewe uko katikati ya mto na wageni kumi, hujasikia hata ngurumo.

Zaidi ya hapo, milima ya juu imelimwa na kukatwa miti, udongo unashuka, mchanga unajaa kwenye kitanda cha mto. Mto ukijaa mchanga unakuwa na kina kifupi, na maji yakija yanatafuta pa kwenda. Yanakwenda mjini.

Watu wa Kilosa hawahitaji kuhadithiwa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliacha maelfu bila makazi, familia zikaishi kwenye mahema. Reli ya kati, ile iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kilosa mwaka 1909, imepita kwenye bonde hilo hilo la Mkondoa. Ilisombwa vibaya kiasi kwamba treni zilisimama kwa miezi. Waliojenga SGR walipofika eneo hilo walipasua mahandaki kwenye milima. Ukipita na treni ukaona giza ghafla, ndiyo hayo.

Na sisi wa upande wa Mamboya, kaskazini mwa wilaya kwenye milima ya Ukaguru, tusijione tuko salama kwa sababu tuko juu. Januari 2014 maji yaliyoshuka kutoka milimani yalijaa mto Mkundi, daraja la Dumila likaharibika, barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Mito yetu ina tabia moja.

Si mambo mapya pia. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa anamtafuta Livingstone alipita uwanda wa Mkata wakati wa masika, na msafara wake ulihangaika kwenye tope na maji. Njia ya misafara ilipita huku huku, ikifuata bonde la Mkondoa kupanda milimani. Hakuna aliyefikiria kuutumia mto kama barabara. Walitembea.

Viboko nao

Kuna wanaosema: basi twende Mikumi, maji yapo, wanyama wapo, mgeni atafurahi zaidi. Wazo zuri kwa gari. Kwa kayaki jioni, hapana.

Kiboko hushinda majini mchana na hutoka jioni kwenda kula majani. Saa ya jua kuzama, ile unayotaka kumuuzia mgeni, ndiyo saa kiboko anapotoka. Ukikaa kati yake na maji, au kati yake na njia yake ya kutokea, anakuona adui. Mtumbwi wa plastiki si kitu kwake. Mamba naye haonekani gizani. Ndiyo maana kwenye mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Nyerere, watalii wanapelekwa kwa boti za injini na dereva anayejua viboko wamelala wapi.

Sheria nayo ina neno

Tuseme umepata sehemu ya maji tulivu. Jambo la kwanza ni mgahawa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuuathiri mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Kwa hiyo ile picha ya meza zinazogusa maji, jikoni limejengwa ukingoni kabisa, futa. Meza za kukunja zinazoondolewa usiku ule ule ni habari nyingine, ila uliza kwanza.

Mambo ya mto kwa Kilosa yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Usalama wa vyombo vya majini ni kazi ya TASAC. Biashara ya kuongoza watalii inahitaji leseni yake. Sijasema haya kumkatisha mtu tamaa. Nimeyasema kwa sababu wengi hununua chombo kwanza, halafu ndipo wanaanza kuulizia vibali, hela imeshaisha.

Wapi unaweza kuipata, basi?

Kwa Afrika Mashariki, mahali panapofanana zaidi na ile video ni Jinja, Uganda. Ni jiji rasmi tangu 2020 na liko pale pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Speke, ambaye alishawahi kupita kwenye milima yetu hii akielekea bara, alifika hapo Julai 1862.

Jinja sababu ni ile ile ya Chicago: maji yanashikwa. Bwawa la Nalubaale, ambalo zamani liliitwa Owen Falls, lilifunguliwa 1954. Chini yake likaja bwawa la Bujagali mwaka 2012, na kati ya mabwawa hayo mto umekuwa kama ziwa refu lililotulia. Wapenda maji makali walilia, maana maporomoko ya Bujagali yalizama. Kwa mtu anayejifunza kayaki ndiyo nafuu. Maji ni tulivu, ndege wengi, jua linazama juu ya mto, na ukirudi unakuta samaki yule tunayemwita sato, wao wanamwita ngege.

Hapa Tanzania, kuna mitumbwi kwenye ziwa dogo la Momella, Hifadhi ya Arusha. Ni safari ya mchana na askari wa hifadhi anakwenda nanyi na silaha, kwa sababu ya viboko na nyati. Chakula cha usiku hakimo.

Mombasa walikuwa na jahazi la Tamarind, lililokuwa likienda kwenye mkondo wa Tudor huku watu wakila juu yake. Hapo chakula kililiwa majini kweli, kwa sababu chombo kilikuwa kikubwa na meza zilikaa. Haikuwa kayaki, na bei yake haikuwa ya kwenda na ukoo mzima.

Mimi lakini ninayempenda zaidi ni mfano wa Dabaso, karibu na Watamu, Kenya. Kikundi cha wanakijiji kilianza kutunza mikoko na kufuga kaa kwenye hori la Mida. Wakajenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, mwisho wake wakaweka mgahawa. Mgeni anazungushwa na mtumbwi wa kawaida kabisa, jua linazama, anarudi kula sambusa za kaa. Hawakuhitaji kayaki za kigeni. Wanachokijua ni kujaa na kupwa kwa maji, na hilo mvuvi yeyote wa pale anakuambia siku kadhaa kabla.

Hapo ndipo tofauti na Mkondoa inapokaa. Bahari inafuata mwezi. Mkondoa unafuata mvua ya mtu mwingine.

Kwa hiyo Kilosa na Mamboya tuuze nini?

Maoni yangu: tuanze na ile nusu iliyo rahisi, yaani chakula. Kati ya Juni na Oktoba mvua ni chache, jioni za Mamboya zina baridi nzuri na mgeni wa Dar atazipenda. Ugali wa dona, kuku wa kienyeji, mboga za majani, moto umekokwa, mlima unaonekana mpaka mwanga wa mwisho. Matembezi ya saa moja kabla ya kula, na mtu anayejua kusimulia habari za misafara na za Wakaguru. Mto uangaliwe kwa mbali.

Kayaki ije siku tutakapokuwa na maji yanayopimwa juu, Kinyasungwe na Kidete, na taarifa ikafika Kilosa kwa simu kabla maji hayajafika. Mfumo huo kwanza ungeokoa nyumba za watu. Wageni wangefaidika baadaye.

Ukienda kwingine, uliza haya kabla hujalipa

Maji ya leo yako chini ya bwawa, yanafuata bahari, au yanategemea mvua? Kama jibu ni mvua, uliza nani anawapigia simu mvua ikinyesha juu.

Viongozi ni wangapi? Mmoja kwa watu kumi gizani ni wachache.

Jaketi limekubana? Likipanda mpaka masikioni ukivutwa mabegani, badilisha. Usiogope kuonekana msumbufu.

Tunatoka wapi mtu akipinduka? Kiongozi anayejua kazi atakuonyesha kwa kidole sehemu mbili au tatu ukingoni. Anayecheka na kusema "hapa hapinduki mtu" mrudishie jaketi lake.

Simu yako weka kwenye mfuko usiopitisha maji na uufunge kwenye kamba, maana mto haurudishi. Na kama uliingia maji yasiyo ya chumvi, Jinja ikiwemo, kapime kichocho miezi miwili mitatu baadaye hata kama hujisikii chochote. Dawa yake ipo, ukiwahi.