MATARISHI WA MWILI: Kazi ya Mishipa ya Fahamu, na Adui Aipitaye Njia Yao

Kila afisi ina matarishi wake. Habari huletwa kutoka nje, karani mkuu huzisoma na kukata shauri, kisha tarishi huondoka mbio kupeleka amri mahali inapotakiwa. Matarishi wakiugua, kazi yote husimama, hata karani mkuu awe hodari namna gani. Mwili wa mwanadamu nao umepangwa vivyo hivyo. Karani mkuu ni ubongo, na matarishi ni mishipa ya fahamu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Ni kitu laini sana, na kwa hiyo umewekwa ndani ya fuvu la kichwa kama mali iliyofungiwa sandukuni. Umejengwa kwa chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Kutoka ubongoni yatelemka kamba ya fahamu, yenye urefu wa sentimita 45 hivi na unene usiozidi wa kidole kidogo, nayo hupita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Katika kamba hiyo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu iendayo mikononi, kiwiliwilini na miguuni. Jozi nyingine 12 hutoka ubongoni penyewe, na nyingi katika hizo huhudumia macho, masikio, pua, ulimi na uso.

Msomaji asichanganye mishipa hii na mishipa ya damu. Mishipa ya damu ni kama mabomba, lakini mishipa ya fahamu ni kama nyuzi nyeupe, na kazi yake ni kuchukua habari. Mingine huleta ubongoni habari za joto, baridi, mguso na maumivu. Mingine huchukua amri za ubongo na kuzipeleka kwenye misuli. Tena iko mingine ifanyayo kazi pasipo sisi kuiamuru, kama ile iongozayo mapigo ya moyo na kazi ya tumbo, hata tukiwa usingizini.

Matarishi hawa hawana mwendo mmoja. Walio wepesi kupita wote huenda zaidi ya mita 100 kwa nukta moja ya saa, lakini baadhi ya wale waletao maumivu huenda mita 1 tu hivi. Ndiyo sababu mtu ajikwaaye kidole cha mguu husikia pigo kwanza, na yale maumivu ya kuunguza huja nyuma yake.

Liko jambo jingine la ajabu. Mtu akigusa sufuria ya moto, mkono wake hurudi nyuma kabla hajajua kwamba ameungua. Habari ile ikifika katika kamba ya mgongo, amri ya kuuondoa mkono hutolewa papo hapo, bila kungoja ubongo. Ni kama mlinzi wa lango ambaye akiona moto huuzima kwanza, kisha ndipo ampelekee bwana wake taarifa.

Milango ya habari ni mitano. Jichoni, nuru huingia kwa mboni na kuangukia utando ulio nyuma, na sura ya kitu hupigwa hapo juu chini. Ubongo ndio uifahamuo sawasawa. Sikioni, sauti hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa mifupa mitatu iliyo midogo kuliko mifupa yote ya mwili, kisha habari hupokewa na kiungo chenye umbo la konokono. Ndani ya sikio mna pia vijia vitatu vyenye majimaji vitusaidiavyo kusimama tusipepesuke. Pua na ulimi hufanya kazi pamoja, na ndiyo maana mwenye mafua huona chakula hakina ladha. Mlango wa tano, ulio mkubwa kuliko yote, ni ngozi.

Watu wengi huyalaani maumivu, lakini maumivu ni mlinzi. Tazama ugonjwa wa ukoma, ambao vijidudu vyake viligunduliwa na daktari Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Vijidudu hivyo huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Vidole havidondoki vyenyewe kama wengi wadhanivyo, bali mgonjwa huungua au hujikata asisikie, na vidonda visivyotunzwa humharibu viungo. Siku hizi ukoma hupona kabisa kwa dawa za miezi 6 au 12, na awahiye kutibiwa huokoa mishipa yake.

Tena, njia ya tarishi yaweza kuwa njia ya adui. Mbwa mwenye kichaa amwumapo mtu, virusi vilivyo katika mate yake huingia kidondani, hushika mishipa ya fahamu, na kupanda polepole kuelekea ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi 2 au 3, ingawa yaweza kuwa juma moja au hata mwaka. Jeraha la usoni ni la hatari zaidi kuliko la mguuni, kwa kuwa njia ni fupi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kidonda hupona, maumivu huisha, na mtu hurudi shambani akidhani amesalimika, kumbe adui yumo njiani. Dalili zikisha kuonekana, kama kuogopa maji na kuweweseka, adui amekwisha fika ubongoni, na karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya hapo aweza kuzuiwa. Chanjo ya ugonjwa huu ilitumiwa kwa mtu mara ya kwanza na Louis Pasteur huko Paris mwaka 1885, na tangu hapo imeokoa watu wasiohesabika.

Basi, mtu akiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo, alioshe mara moja kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 15. Asipake majani wala asilifunge na kulisahau. Aende hospitali siku ile ile ili adungwe sindano, na azimalize zote kwa siku alizoandikiwa, hata kama hasikii maumivu yoyote. Mwenye mbwa naye ampeleke achanjwe kila mwaka. Adui huyu hutembea polepole. Atakayeshindwa ni yule tu angojaye kumwona.